Daktari alituambia mtoto anakua kupita kiasi tumboni: yaliyotukuta Garissa miaka ya tisini

Salaam aleikum wakuu. Haya yalitukuta mimi na mke wangu, siongezi chumvi.

Nilikuwa nauza mbuzi soko la mifugo, Garissa. Mke wangu Habiba alipobeba mimba yetu ya kwanza, tumbo likawa kubwa mapema mno. Majirani wakasema mapacha.

Enzi hizo ultrasound kwetu ilikuwa kitu cha kusikia tu. Kwa bahati akaja daktari mgeni na mashine yake, tukaenda.

Akaangalia kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mtoto ni mmoja. Ila ni mkubwa kuliko umri wake, figo pia kubwa, na utumbo umetokeza kwenye kitovu. Nashuku ni ugonjwa wa nadra, mwili unakua kupita kiasi."

Wakuu, nilisikia kila neno na sikuelewa kitu. Kukua ni ugonjwa?

Nyumbani mama mkwe akanijia juu.

"Ngamia ikizaa mtoto kubwa tunasema alhamdulillahi. Ya binti yangu ndiyo iwe ugonjwa?"

Nikarudi kwa daktari. Akakiri hana uhakika, ukweli utajulikana mtoto akizaliwa.

"Lakini asizaliwe nyumbani. Akishazaliwa, sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla. Mpeleke mkeo Nairobi mapema."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Yaani tusafiri kwa jambo ambalo hata yeye hana uhakika nalo?

Habiba ndiye aliyekata shauri. "Wewe hujui, mama hajui, daktari naye anashuku tu. Twende walipo wenye vifaa."

Tukahamia kwa shangazi yangu Eastleigh, hukohuko Nairobi, tukangoja.

Akazaliwa mvulana, mkubwa kweli, ulimi umejaa mdomo hata kunyonya hawezi. Sukari ikashuka vilevile tulivyoambiwa. Ila madaktari walikuwa tayari, dripu ikawekwa palepale, na baadaye kitovu kikafanyiwa upasuaji.

Mama mkwe alipofika alimshika yule mtoto, akalia.

Leo ni mwanaume mzima, kimo cha kawaida, ana watoto wake. Wadogo zake walizaliwa bila tatizo. Kwa nini yeye? Nimeuliza madaktari kadhaa, kila mmoja na lake. Sijaelewa mpaka leo.

Funzo langu: usisubiri kuelewa kila kitu ndiyo uchukue hatua. Sisi tulifika Nairobi tumechanganyikiwa, lakini tulifika.

Mzazi yeyote humu aliyewahi kuambiwa kitu kama hiki, hebu asimulie. Nawasoma.