Fundi Swaran na Klachi ya Nakuru

Mwaka 1970 jirani yetu Swaran Singh alikuwa anafagia vumbi la chuma katika kiwanda kimoja hapa Birmingham. Kule Nakuru alikuwa ametengeneza matrekta na pikipiki kwa miaka kumi na minane. Vyeti vyake alikuja navyo, lakini msimamizi, Bwana Tranter, alivitazama juu juu tu akamrudishia. "Vya Afrika hivi," alisema, na akampa ufagio.

Baba yangu, Cleopas, alikuwa akifunga maboksi kiwanda hichohicho. Wakati wa chai walikaa pamoja wakiongea Kiswahili.

"Kalasinga, utazeeka na ufagio huo," baba alimtania siku moja.

"Ngoja tu, bwana. Mimi nashika spana hapa kabla wewe hujazoea kula viazi bila kulilia ugali."

Na kweli hakungoja sana. Kila Juni kiwanda kilikuwa na siku ya michezo, na shindano lililopendwa lilikuwa la pikipiki ndogo, yadi mia mbili, mstari ulionyooka. Mpwa wa Tranter ndiye aliyeshinda kila mwaka, maana pikipiki yake ya gia ilikuwa na mbio kuliko zote. Swaran akamwendea Tranter, akamwambia atamshinda kijana huyo kwa kipikipiki kikuukuu cha mkanda, kisicho na gia hata moja, alichokinunua Stechford.

Tranter alicheka mpaka akafuta macho. "Ukishinda, Jumatatu nakupa meza ya ufundi. Ukishindwa, sitaki kusikia tena habari za Nakuru."

Baba alipotusimulia jioni hiyo, mimi sikuweza kumaliza chakula. Meza ya ufundi! Nilitaka kujua kitu cha mkanda kitaishindaje gia.

Swaran alinieleza bila kuchoka. Mwisho wa mbio hakuwa na ubavu wa kushindana na yule kijana, alilijua hilo. Lakini yadi mia mbili ni fupi. Anayechomoka vizuri anaweza kufika kabla mwenye mbio hajazipata mbio zake. Na kuchomoka kuko kwenye klachi. Ndani yake mna vyuma sita vidogo. Injini ikizunguka, vyuma vinarushwa nje, vinabana mkanda, na mkanda unavyopanda ndivyo pikipiki inavyoongeza mwendo. Vyuma vikiwa vyepesi, mkanda unachelewa kupanda, injini inabaki na nguvu zake za kuvuta. Yeye alivitoboa vyake Nakuru, kwa mkono, ili viwe vyepesi, na klachi hiyo ilimshindia mbio za huko miaka mitatu. Alikuja nayo Uingereza ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwa shali ya mkewe.

Jumapili akaifunga kwenye kipikipiki chake, akaijaribu kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba zetu, Acocks Green. Injini ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Pikipiki yenyewe ikaenda polepole, mpaka baba akatembea kando yake mikono mfukoni.

"Kelele za Nakuru, mwendo wa kobe!"

Swaran hakucheka. Akabadilisha plagi. Akabadilisha mkanda. Akailaumu petroli. Wiki nzima aligusa kila kitu isipokuwa klachi, na zilibaki siku sita kabla ya shindano.

Jumapili iliyofuata tulikuwa jikoni kwao. Mkewe, Mama Lakhbir, alifunua sufuria akaguna. "Tazama, dengu imekuwa uji tena. Nakuru nilikuwa naichemsha saa nzima na bado ngumu. Hapa nikigeuka tu, imepondeka."

Swaran aliacha kutafuna. "Sema tena."

"Dengu, Baba Lakhbir. Nimesema dengu."

"Nakuru iko juu!" Alisimama mkono ukiwa na mchuzi. "Futi elfu sita! Huko hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Na injini inakosa pumzi vilevile. Mimi nilitoboa vyuma kwa injini yenye njaa. Hapa chini imeshiba! Inazunguka bure, vyuma havina uzito wa kubana mkanda."

"Kwa hiyo unaongeza uzito ili iende haraka?" niliuliza.

"Naongeza. Naziba matundu yangu mwenyewe," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameona haya kidogo.

Aliyeyusha madini ya risasi akayamimina ndani ya matundu. Vyuma vyote sita lazima vilingane, la sivyo klachi itatetemeka, kwa hiyo akatengeneza mizani kwa sindano ya kufumia ya Mama Lakhbir, uzi, na vifuniko viwili vya chupa. Alipiga tupa, akapima, akapiga tupa tena. Jumatano pikipiki ilipiga mbio kichochoroni hadi baba akarukia ukuta.

Jumamosi bendera iliposhuka, Swaran alichomoka kama jiwe la manati. Kijana wa gia alikuwa bado anaingiza ya pili. Katikati ya uwanja alianza kumkaribia, akazidi kumkaribia, na baba akapiga kelele, "Lala, Kalasinga, lala!" Swaran akalalia usukani, ndevu juu ya taa. Gurudumu moja. Alimshinda kwa gurudumu moja tu, na mimi nililia mbele ya watu.

Tranter alikuja, akapiga magoti kwenye nyasi, akaomba klachi ifunguliwe. Aliigusa ile risasi kwa kidole. Hakutaja Afrika. "Jumatatu saa moja na nusu," alisema. "Njoo na spana zako."

Jumatatu hiyo baba alirudi akicheka tangu mlangoni. Alipopita karakana wakati wa chai, Swaran hakuwa na nafasi hata ya kunywa. Mpwa wa Tranter alikuwa amesimama mbele ya meza yake, ameshika klachi yake mwenyewe mikononi, anangoja zamu.