Simu Ngeni Kwenye Wi-Fi ya Kiwanda

Mimi ndiye ninayelinda Wi-Fi ya ofisi ya kiwanda chetu cha majani chai. Wiki iliyopita nikaona simu ngeni imeingia: "Malkia wa Ndanai," Ndanai ikiwa mji wetu. Ilikuwa inaingia nikifika na kutoka nikitoka, kwa hivyo nikajua mwizi ananichunguza. Nikamshuku Mama Akinyi, mpishi wetu wa chai, kwa sababu siku hizi anachekea simu sana.

Jana, mbele ya meneja, nikaamuru mabegi yote yafunguliwe. Hakukuwa na kitu.

"Bado lako, mwanangu," Mama Akinyi akasema.

Nikalifungua kwa maringo. Ndani kulikuwa na simu niliyomnyang'anya binti yangu shule zilipofunguliwa. Likizo alinitembelea ofisini, nikamwekea paswedi mwenyewe.

Mama Akinyi akanimiminia chai. "Karibu, Baba Malkia."