Ugonjwa Wenye Wageni

Siku kaka yake aliporudi kutoka hospitali na habari kwamba ana kisukari, fundi viatu alikaa kibarazani na sindano yake, akavitazama viatu vilivyojaa mlangoni. Vya mashangazi, vya majirani, mpaka vya mkuu wa ofisi ya kaka: ngozi halisi, soli ya kushonwa kwa mkono. Ndani watu walikuwa wakitoa pole kwa sauti za chini. Fundi alivuta uzi ukakatika.

Si kwamba alimtakia kaka yake mabaya. Ila naye aliwahi kulazwa, tena si mara moja, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, enzi zile sauti zilipokuwa zikimsema kutwa kucha. Nani alikwenda kumwona? Mama peke yake. Majirani waliambiwa amesafiri. Na aliporudi, hakuna aliyempa pole ya ugonjwa wala ya safari. Sasa ni miaka anachomwa sindano yake kliniki kila mwezi, sauti zimenyamaza, anashona viatu vya mtaa mzima, na bado mteja humwangalia machoni kwanza kabla ya kumkabidhi kiatu.

Ugonjwa wa kaka ulikuwa na heshima zake. Nyumba nzima iliacha sukari. Mama alimpikia chakula chake pembeni. Kila asubuhi shemeji, mke wa kaka, alikileta kile kimashine cha kupimia damu kama anayebeba mtoto mchanga, na watu hawakupumua mpaka namba itoke.

"Imeshuka!" shemeji akitangaza, Mama humshukuru Mungu.

"Na mimi mbona hamnipimi?" fundi aliuliza siku moja, kama utani.

"Wewe kunywa dawa zako," shemeji alimjibu.

Kumbe mwili wake nao ulikuwa na lake la kusema. Tangu aanze ile sindano alikuwa akinenepa, watu wakimwambia amependeza. Sasa suruali zikaanza kumvuka. Kiu ikamshika, akawa hakai bila dumu la maji, na safari za chooni haziishi. Alipomweleza nesi wa kliniki, nesi akamuuliza kama analala na kama zile sauti zimerudi.

"Hapana, ni kiu tu."

"Dawa hizi hukausha mdomo," nesi akasema, akamwita anayefuata.

Nyumbani ndiyo usiseme. "Kaka mtu akipiga chafya, huyu keshapata mafua," shemeji alisema. "Wivu tu huo."

Neno lile lilimchoma kwa kuwa halikuwa la uongo. Wivu alikuwa nao, tena wa kumkosesha usingizi. Akaanza kujishuku: huenda kiu hii ni kijicho, huenda kichwa kinanichezea tena. Mtu aliyewahi kudanganywa na kichwa chake huogopa kuutolea ushahidi hata mwili wake. Akafunga mdomo, akanywa maji.

Kilichomfungua mdomo ni msumari. Alikanyaga kimsumari cha kupigilia soli asijue, mpaka alipoona damu kwenye kandambili. Hakikumuuma hata kidogo. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kutoa harufu. Jumapili moja, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, aliingia na mguu wake umefungwa kitambaa, akakaa katikati yao.

"Kaka, nipime."

Shangazi akainamisha macho. Mama akanong'ona, "Mwanangu, si sasa. Kuna wageni."

"Ndiyo maana nataka sasa. Wakiondoka mtasema nimechanganyikiwa."

Kaka akacheka kicheko kikavu. "Yaani hata ugonjwa wangu unautaka?"

"Kama na mimi ninao, si wako peke yako."

Ili amwumbue mbele za watu, kaka alimchoma kidole. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita kipimo. Kaka akadhani kimeharibika. Akajipima mwenyewe: sawa. Akamchoma mdogo wake kidole kingine: yaleyale. Kicheko kikamwishia. "Inuka twende hospitali," akasema, huku akitafuta viatu.

Daktari, mama mmoja asiyepaza sauti, aliuliza ni lini fundi alipimwa sukari au presha mara ya mwisho. Hajawahi.

"Miaka yote ya sindano?" Akawageukia Mama na kaka. "Baadhi ya dawa hizi huongeza uzito na sukari. Sindano asiache, tutaangalia kama ibadilishwe. Lakini kuumwa akili hakumkingi mtu na maradhi mengine. Huyu ndiye wa kupimwa zaidi."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya nguo.

Kidole kidogo cha mguu hakikuokoka. Lakini safari hii alilazwa wodi ya kawaida, na wageni walikuja, mpaka fundi akajionea aibu kwa jinsi alivyofurahi. Siku moja kaka akaja amenuna.

"Una nini?"

"Shangazi kapita mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Eti anawahi kukuona wewe."

Fundi aliangua kicheko. Kaka hakucheka.

"Cheka tu. Tangu ulipoanza kuumwa, Mama ni wako. Alikuwa anashinda nawe wodini, mimi nakula kwa majirani. Nilipougua nikasema, haya, zamu yangu imefika."

Fundi hakulijua hilo. Miaka yote alidhani mwenye kijicho katika nyumba ile ni yeye peke yake. Akasogea kitandani. Kaka akakaa, mabega yakagusana.

Mlango ukafunguka, Mama akaingia, na wote wawili wakainua macho kwa pamoja kuona atamsalimia nani kwanza.