Nusu ya Uso wa Mama

Baba alinipigia simu akaniuliza kama ile mashine ninayochorea inaweza kumtoa mtu kivulini. Nilidhani ananitafutia mteja. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuchora nyuso za watu kwenye tableti, za harusi na za matanga, katika chumba nilichopanga karibu na soko la Sosiot.

"Ni nani huyo?" nikamwuliza.

"Mama yako."

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Picha yake iliyobaki ni moja tu, amesimama kwenye kituo cha kupimia majani chai, kikapu mgongoni. Upande mmoja wa uso uko kwenye jua. Ule mwingine umemezwa na kivuli cha paa la mabati.

Niliukuza uso ule mpaka ukawa madoadoa. Nikayasugua kwa brashi ya kulainisha, nikachanganya kahawia ya shavu na wekundu kidogo mpaka mipaka ikapotea. Kisha nikaweka mwanga mwembamba kwenye pua na mdomo wa chini, ule unaofanya ngozi ionekane ina uhai. Ilipendeza. Nikampelekea mama mdogo kule Boito, maana yeye na mama walilala kitanda kimoja utoto wao wote.

Alikausha mikono kwanza, ndipo akaitazama.

"Ni mrembo," alisema. "Anafanana na wale wa matangazo ya mafuta ya kujipaka."

"Nirekebishe wapi?"

"Alikuwa na kitu hapa." Akagusa chini ya jicho lake mwenyewe. "Si kovu. Ngozi ilikuwa tu... sijui nikwambieje."

"Kama mikunjo?"

"Hapana."

"Weusi?"

"Ningejua kuchora ningekuchorea, mwanangu."

Nikarudisha mikwaruzo ya ngozi niliyoifuta. Nikapunguza mwanga, nikautoa kushoto nikauleta kutoka juu. Kila nilipomgeuzia tableti alitikisa kichwa, mwishowe akaniomba niizime, macho yanamuuma.

Lakini ni upande wa kivuli ulionishinda kabisa. Unaweza kuongeza mwanga utakavyo. Kama kamera haikuona kitu, unachopata ni giza lililogeuka kijivu. Jicho lile ilibidi nilitunge mwenyewe. Nikalipaka rangi tabaka juu ya tabaka, nikalainisha kope, nikatia nukta nyeupe kwenye mboni, na muda wote huo sikuwa na hakika namchora nani.

Nilipompelekea Baba alikaa nayo kwenye kochi. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Hili jicho ni lako," alisema.

"La mama lilikuwaje?"

Nilifikiri anatafuta neno. Chai yake ikaota utando juu, naye bado anaangalia.

"Nilikuwa nategemea wewe unionyeshe," akasema.

Nilitaka kuifuta picha nzima nianze upya, akanizuia, akaniambia nimtolee nakala kubwa ya kutundika sebuleni. Iko huko mpaka leo, juu ya redio. Wageni wakiingia hunisifu kwamba nimejichora vizuri. Mwanzoni Baba alikuwa akiwasahihisha. Siku hizi huwaongezea chai tu.