Avance ya Mtu Anayecheka

Bertin ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuficha meno. Tunafanya kazi pamoja kwenye depo ya samaki ya Mama Clarisse, hapa Baraka. Tunaanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani, tunazigeuza jua likikolea, tunajaza magunia yanayokwenda Lulimba kwa wachimba dhahabu. Mvua ikilowesha ndagala, sisi tunanuna; Bertin anacheka. Hata kwenye kilio cha babu yake ilibidi akakae nyuma ya nyumba.

Asubuhi hiyo alifika mbio, kiatu kimoja mkononi. Mkewe Arlette amejifungua kwa kupasuliwa, mapacha, wa kike na wa kiume, wazima wote. Tulirusha mabeseni juu, tukamzungusha mpaka akapepesuka. Ndipo akakumbuka kilichomleta. Maternite, hospitali ya uzazi, haimwachii mama aende mpaka bili iishe, na kila siku anayolala pale bili inanenepa. Hana njia nyingine ila kuomba avance, alipwe mshahara kabla mwezi haujaisha.

Mama Clarisse hapendi hata kulisikia neno hilo. Kuna mfanyakazi aliyemzika shangazi yake mara tatu kwa pesa za Mama, na shangazi bado anauza mihogo sokoni. Kwa hiyo mimi Willy, kwa akili zangu nyingi, nikamshauri Bertin: "Usimuambie ni mapasa. Atasema umeongeza mutoto moja juu ya kupandisha bei."

Tukamkuta Mama anapima magunia.

"Mama, niko na shida kubwa," Bertin alisema, meno yote nje. "Bibi yangu amezaa, banamupasua. Sasa banamushika kwa maternite. Naomba avance."

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Muntu wa shida anachekaka?"

"Najaribu kuacha, Mama. Haiwezekane." Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kucheza. Nami nikaambukizwa, nikageukia magunia.

"We unanichezea. Twende nione iyo shida na macho yangu."

Alifunga depo mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, tukapanda pikipiki mbili. Njiani nilijiuliza: Mama akikataa, Arlette atalala pale hadi lini?

Tulimkuta Arlette kitandani, mtoto upande huu, mtoto upande ule. Mama Clarisse akasimama mlangoni.

"Mapasa? Mbona hukusema?"

Bertin akaninyooshea kidole bila aibu.

Mama alisogea, uso umelainika wote. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mshahara wa Bertin, na badala ya kumpa baba mkononi akauweka kifuani kwa yule wa kike, kama mgeni anavyomtuza mtoto mchanga. "Avance yako iyi," alisema.

Akina mama wa wodi wakageuza vichwa. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake: ukimpa huyu, umpe na huyu, kilekile, hapohapo. Hasira ya pacha aliyerukwa hakuna anayetaka kuijaribu. Akina mama wote wakamtazama wa kiume. Mama Clarisse naye akamtazama. Akatazama mlango. Akaguna, akafungua fundo tena, akaweka pesa nyingine, kiasi kilekile, kifuani kwa wa kiume.

Vigelegele vikapasua wodi. Bertin alicheka hadi akashika ukuta.

"Toka inje, we," Arlette alimwomba, akikamata tumbo kwa mikono miwili. "Utanikatisha nyuzi."

Bili ililipwa jioni ileile, Arlette akarudi nyumbani mara daktari alipomruhusu, na pesa ya sabuni ikabaki.

Siku ya mshahara ilipofika, Bertin aliingia akijua hana kitu. Mama alithibitisha: mwezi huu umekatwa wote.

"Na avance ya pili, Mama? Utaikata mwezi wenye kuja?"

"Ile nilimupa kijana yako. Yeye hatumikake kwangu. Nitamukata nini?"

Bertin akafunga mdomo. Akaketi juu ya gunia la ndagala na kuanza kulia, machozi yakimdondokea mapajani, wala hakuyafuta.

Mama Clarisse akamsogelea. "Siku ya shida ulikuwa unacheka," alisema. "Sasa unalia nini?"