Zamu ya Mgeni Katika Mwethya

Siku hizi nikifungua redio asubuhi nasikia watu wenye tai wakibishana jinsi nchi inavyopaswa kuwashughulikia wakimbizi. Mmoja anasema warudishwe kwao, mwingine anasema wabaki kambini, wa tatu anasema jambo hilo linahitaji kamati. Mimi hujibizana nao huku nikichemsha chai, maana nyanya yangu, kijijini kwetu Ndithini, alikuwa na sera ya wakimbizi tangu miaka ya tisini, na hakuundiwa kamati yoyote. Sera yenyewe ilikuwa fupi: anayelala Ndithini, analima Ndithini.

Nisimpambe kupita kiasi. Alipoletewa mwanamke mkimbizi kutoka Somalia, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mahindi hayatutoshi sisi wenyewe. Hakusema uongo, kwa kuwa mvua ilikuwa imetupa kisogo na ghala lilikuwa limebaki na panya wenye subira tu.

Aliyemleta alikuwa Msomali mnunuzi wa mbuzi kutoka Kithimani. Yeye alikuwa Mkenya, mzaliwa wa huko huko, lakini kila askari aliyekutana naye barabarani alitaka kujua ametoka Somalia lini, naye alikuwa akiwajibu kwa Kikamba safi mpaka wanaona haya.

"Mama, kwangu wanapekua kila wakati," alimwambia nyanya. "Huku mlimani hakuna mtu atamtafuta. Ako na mtoto mmoja tu, na jembe anajua."

Nyanya alimwangalia yule mwanamke juu mpaka chini kama mtu anayenunua ndama, akamshika viganja, akavigeuza, akavipapasa. Kisha akasema wataishi kwenye jiko la zamani.

Mgeni wetu alitoka kwenye mashamba ya mto Juba, na Kiswahili chake cha Kismayu kilikuwa na adabu kuliko chetu sote. Sisi tulisema "leta maji". Yeye alisema "tafadhali nipatie maji, dada yangu," mpaka unaona aibu kubaki umeketi. Mumewe alipotea vitani. Alikuwa ameishi kambini kwa muda, akatoroka. Niliwahi kumuuliza kwa nini alikimbia mahali penye chakula cha bure.

"Kuni zilikuwa mbali, dada yangu," alisema. "Na wenye bunduki walikuwa karibu."



Sasa, kwetu mwanamke hawezi kuishi bila mwethya. Mwethya ni kikundi cha kulimiana: wiki hii mnachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka kila mtu apate zamu yake. Mlima wetu bila matuta ungeteremka wote mpaka mto Tana. Tuta letu tunaliita fanya juu, kwa sababu unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu, dhidi ya akili na dhidi ya mgongo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliamini nimesoma ili niepukane na kazi hiyo. Nyanya aliamini nimesoma ili niifanye kwa Kiingereza.

Mgeni alikuja nasi mlimani na mtoto mgongoni. Kwao ardhi ni tambarare, kwa hiyo alipotuona tunachimba mlima alidhani serikali imetuadhibu. Siku ya kwanza alitupa udongo wote upande wa chini, wanawake wakacheka mpaka wakaketi. Siku ya pili alikuwa akituacha nyuma. Alichimba kwa mwenyekiti wa kikundi, akachimba kwa wajane, na akachimba kwa naibu wa chifu, ambaye mke wake alikuwa mwanachama wetu. Adhuhuri alikuwa akitandika kanga kando ya mtaro na kuswali, nasi tukiendelea kuchimba huku tukimwonea wivu kwa mapumziko hayo.

Halafu amri ikaja kutoka juu: wageni wote wasio na karatasi wakusanywe na kurudishwa kambini. Naibu wa chifu aliwasili kwa baiskeli, mgeni akiwa amekwenda kuteka maji. Naibu alikuwa mtu mpole aliyevaa kofia ya serikali kana kwamba ameiazima.

"Mwaitu," alimwambia nyanya, yaani mama yangu, "nasikia uko na mgeni. Itabidi nimpeleke."

Nyanya aliendelea kupepeta pojo zake. "Hawezi kwenda," alisema. "Mwethya haujamlimia."

"Hata shamba hana!"

"Nimempa ule mteremko wa mawe. Kwako alichimba ama hakuchimba?"

Naibu akatazama baiskeli yake. Kwetu unaweza kukwepa kodi na ukasalimiwa kanisani, lakini mtu aliyekula jasho la mwethya na kuzuia zamu ya mwenzake hasalimiwi popote, hasa nyumbani kwake jioni.

"Basi mlimieni," alisema. "Tuta likiisha, nitakuja kumchukua."

Alipoondoka, nyanya aliita wanawake na kutoa maagizo kwa Kikamba: tuta hilo lisiishe. Akaongeza kwamba mgeni asiambiwe lolote, kwa kuwa angetoroka usiku na barabara ya Garissa ilikuwa imejaa vizuizi vya polisi. Huo ulikuwa ndio ujanja wake wote. Nikiri pia kwamba mteremko ule wa mawe alikuwa akitamani uchimbwe tangu nikiwa mtoto. Nyanya hakuwahi kufanya wema usiokuwa na faida pembeni.

Basi tukaanza kuzembea. Kikundi kilichokuwa kikimaliza kilima kwa siku chache kikageuka kuwa ofisi ya serikali. Tulichelewa kufika. Mipini ya majembe ilivunjika yenyewe. Kuna aliyeumwa kichwa, kuna aliyesahau uji, na kuna aliyekumbuka msiba wa watu asiowajua. Wanawake Wakatoliki wakawa ndio wanaomkumbusha mgeni saa ya swala, tena wakimsihi asiharakishe, Mungu hapendi mbio. Kwa mara ya kwanza maishani uvivu wangu ulikuwa na manufaa kwa taifa, na niliutoa kwa moyo wote.

Naibu alikuwa akipita na kuuliza, "Imeisha?" Tunamjibu, "Bado, mawe ni mengi." Anakubali kwa kichwa na kwenda zake.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona ni uso wa mgeni. Siku ya soko tulikwenda Kithyoko karibu wote, na tuliporudi, tuta lilikuwa limekwisha. Lilikuwa limenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, udongo umepangwa juu na kushindiliwa, mawe yamejengwa kando. Mgeni alikuwa amesimama na jembe, mtoto amelala mgongoni, viganja vimechubuka.

Nyanya aliketi chini na kapu lake. "Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Hakuna, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini na yenye heshima ileile. "Nimeona kwa wenzangu mliimba na kuchimba. Kwangu mmekaa. Nimejua mnanionea haya kuniambia kwamba mimi si mwenzenu. Nimemaliza mwenyewe, msichoke tena kwa ajili yangu."

Niliona aibu kiasi cha kutaka kuingia kwenye mtaro. Tulidhani tunamficha, kumbe yeye aliona tunamkataa. Ilibidi nimweleze yote pale pale: amri, kambi, ujanja wetu, na nini kingetokea tuta likiisha. Jembe lilimtoka mkononi. Alimfungua mtoto mgongoni na kumkumbatia kifuani. 

Kengele ya baiskeli ikasikika kwenye njia.

Naibu wa chifu alishuka, akatazama tuta, akatazama nyuso zetu. Alitembea juu ya ukingo mpaka mwisho, akarudi polepole.

"Imeisha," alisema.

Akaupiga ukingo kwa kisigino, haukumeguka.

"Hii kazi nzuri. Nani alichimba?"

"Ni mimi," alisema mgeni. Hakukimbia wala hakulia.

"Na hawa?"

"Hawakuwepo. Nimechimba peke yangu."

Naibu alivua kofia, akajifuta kipara kwa muda mrefu kuliko jasho lenyewe. Kisha akamgeukia nyanya kwa ukali wa kiofisi.

"Mwaitu, mbona mnanipotezea wakati? Mtu akijichimbia mwenyewe, huo ni mwethya?"

Nyanya alianza kuinuka kutoka chini. "Hapana," alisema. "Huo si mwethya."

"Basi zamu yake bado." Akavaa kofia, akapanda baiskeli, na akaenda bila kuangalia nyuma.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Mgeni alikuwa bado amesimama, anatutazama mmoja mmoja, hajui kama ameelewa.

"Zamu yangu ni lini, mama?" aliuliza.

"Wewe ni wa mwisho," nyanya alimwambia. "Tukimaliza watu wote."

Aliutazama mlima wetu, boma baada ya boma mpaka kule juu usikoona mwisho. Alicheka, kisha akalia, kisha akauliza Jumatatu tunachimba kwa nani.