Nukta Nyekundu Kwenye Kapasita

Wivu ni wa mtu na chake, kijicho ni cha mtu na cha mwenzake. Mume wa dada yangu alijaliwa vyote viwili, na bado nafasi ikabaki. Mtaa mzima tulimwita Lehemu, kwa sababu hakuna kilichoachana ndani ya redio au televisheni ambacho hakukiunga kwa lehemu yake. Alikuwa mkarimu, hilo simnyimi. Angekuvulia shati ukaondoka nalo. Lakini msifie fundi mwingine mbele yake, hata fundi viatu, uso unamshuka na chai inapoa kikombeni.

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Mbele tulikaa dada na mimi, na kompyuta, na mashine ya kuchapisha, na wanafunzi na karatasi zao. Nyuma ilikuwa meza ya Lehemu, na juu yake kopo la maziwa ya unga lililojaa kapasita. Hivyo ni vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya mashine na kuuachia kwa utaratibu. Vikichoka, mashine nayo inachoka. Lehemu alizing'oa kwenye mashine zilizokufa, akazipima moja moja, na iliyofaulu aliitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Rangi ilikuwa ya dada.

Tangu waoane, dada alikuwa akifunga hesabu za mbele anakwenda nyuma kumshikia mumewe tochi. Aliipenda kazi ile. Aliniambia mimi, na alimwambia na yeye: nifundishe, nami nilehemu. Tochi alipewa. Chuma cha kulehemu hakukigusa hata siku moja.

"Meza moja, fundi mmoja," Lehemu alikuwa akimjibu, anacheka, na huku mkono umeshakifunika chuma.

Basi kompyuta ya dada ikaanza vituko. Unabonyeza, feni inazunguka kidogo, inakata. Unabonyeza tena, unamwomba Mungu, inawaka. Dada alijua ni pawasaplai, lile boksi la chuma la bei rahisi linaloigawia kompyuta umeme.

"Baba watoto, kapasita zimevimba vichwa. Nimezichungulia kwenye matundu."

"Kesho, mama."

Kinyozi hajinyoi. Kesho ya Lehemu ilikuwa ya wateja wake. Ya mkewe haikucha. Ikafika wiki ya mitihani, wanafunzi wamejaa mlangoni, kompyuta ikagoma kabisa. Lehemu alikuwa ameshabeba mkoba wake wa vifaa kwenda kutengeneza televisheni za nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Aliporudi jioni alikuta kompyuta inanguruma vizuri, karatasi zinatoka, na mkewe anaimba.

"Nani kaitengeneza?"

"Marashi kanisaidia," dada akasema, na akamgeukia mteja.

Sasa, Marashi ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara, kijana mtanashati anayenukia kabla hajafika. Afadhali dada angesema shetani. Nilipopona nikarudi kazini, nilimkuta shemeji yangu ameharibika. Alinusa hewa ya dukani. Alimuuliza dada Marashi alikaa kiti gani, na akakiosha kile kiti kwa sabuni, mchana kweupe, wateja wanatazama. Kila kompyuta ilipowaka bila kusitasita, aliguna nyuma ya ubao. Nadhani aliiombea ife.

"Shemeji," nikamtania, "mashine ikipona wewe unaugua?"

"Nyamaza wewe. Zile kapasita zake zitapasuka. Utaona."

Hazikupasuka, na hilo ndilo lililomuua. Siku ya mapumziko, duka limefungwa, akatuita sote wawili tuje tuuone uchafu wa Marashi. Akachomoa waya, akafungua boksi, akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa kuigusisha balbu, kama kawaida yake. Kisha akainama na tochi, na mara hii aliishika mwenyewe.

Mistari myeupe ya kapasita, ile ya kuonyesha hasi, ilikuwa upande wake sahihi, hakuna iliyopinda, hakuna iliyoungua. Na juu ya kila moja palikuwa na nukta nyekundu.

"Umempa vitu vyangu!" Akamgeukia dada. "Nimezichagua mimi, nimezipima mimi, unakwenda kumpa yule apate sifa kwa kapasita zangu?"

Dada akafungua mdomo, lakini mtu wa wivu hangoji jibu. Ameshauchomoa ule ubao mdogo wa ndani ya boksi, kapasita zikiwa juu yake, huyo, anavuka barabara. Nikamfuata mbio.

Marashi alikuwa anafagia kibanda chake.

"Kaka, karibu. Kuna nini?"

"Nani kakupa kapasita zangu?"

Marashi akautazama ubao, akanitazama mimi, akauegemeza ufagio ukutani. "Mimi kapasita sijazishika. Mkeo alikuja kuazima chuma cha kulehemu, maana chako kilikuwa mkobani mwako. Nikasema lete nikufanyie, akakataa katakata. Amelehemu mwenyewe, kasimama hapo hapo uliposimama. Mimi nilimbebea boksi tu, kurudi."

Hapo ndipo Lehemu alipougeuza ubao upande wa chini, jambo ambalo hasira ilimzuia kulifanya mapema. Ana mtindo wake: kabla ya kulehemu huitanua miguu ya kapasita kidogo, mmoja huku, mwingine kule, ili isicheze. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo. Miguu yote ilikuwa imetanuliwa. Alama za lehemu zilikuwa ndogo, zinang'aa, safi kuliko zake. Niliziona mimi nisiyejua kitu, sembuse yeye.

Alirudi polepole. Dada alikuwa amesimama palepale mezani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia zimevimba. Ukasema kesho."

"Nauliza hili la kulehemu."

"Kwa Marashi nilijua utanuna, kisha utapoa," dada akasema. "Kwangu mimi usingepoa."

Nilitaka acheke, amsifu, yaishe. Hakucheka. Aliinamia ubao akitafuta kosa.

"Hapa lehemu imezidi."

"Wapi?"

Akaelekeza kidole, akakirudisha. Haikuwa imezidi. Akaifunga pawasaplai, akaiwasha, ikawaka, na kesho yake tukakuta kopo la kapasita limetiwa kufuli.

Dada alinyoosha mkono, akachukua kichupa chake cha rangi ya kucha kwenye meza ya mumewe, akakitia mkobani.

Nyuma ya ubao wa chumba tukamsikia Lehemu anapima kapasita na kuzipanga. Siku zikapita. Zilizofaulu na zilizofeli zikaanza kumchanganya, akawa anapima ile ile mara mbili na kulaani. Mwisho sauti ikaja juu ya ubao.

"Mama, ile rangi iko wapi?"

"Iko kwangu. Lete kopo, nitatia mwenyewe. Na chuma."

Mteja wangu akaacha kuhesabu karatasi zake. Kisha Lehemu akaja mbele, uso umekunjamana. Aliweka kopo mezani, kufuli limefunguliwa. Juu yake akaweka redio ndogo iliyosubiri kuungwa waya, na mwisho, kana kwamba anang'olewa jino, akamkabidhi mkewe chuma cha kulehemu kwenye mpini.

Dada akakipokea, akakaa, akainama kazini. Nikatazama mkono mwingine wa shemeji yangu. Chuma alikuwa amekitoa, lakini waya wake wa umeme aliuzungusha kwenye ngumi, na hakuuachia mpaka dada alipomaliza.